Nguvu za Mwanaume Zinapopungua

Jambo tunalotaka kulieleza leo huwa linanong'onezwa tu. Bwana wa miaka 45, aliyekuwa hodari wa kulima na mcheshi barazani, sasa asinzia mchana, akasirika bila sababu, na kwa mke wake hana hamu tena. Yeye mwenyewe hasemi kitu kwa haya. Mkewe adhani amepata mwanamke mwingine. Ndugu zake wasema amelogwa. Mbuzi wauzwa, fedha zaenda kwa mwenye hirizi. Na pengine kisa chote kimo katika damu yake.

Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen huko Ujerumani, mtaalamu Arnold Berthold alichukua majogoo wachanga sita. Wawili aliwahasi kabisa. Hao wakawa wanene na wapole, undu wa kichwani ukasinyaa, hawakupigana wala kufuata makoo. Wengine, baada ya kuwahasi, aliwatia tumboni korodani ya jogoo mwenzao. Nao wakakua majogoo kamili, wakiwika na kupigana kama kawaida. Korodani ile haikuwa na neva yake ya zamani. Basi Berthold akafahamu ya kuwa yatia kitu fulani katika damu, nayo damu yakipeleka mwilini mote. Kitu hicho kilipatikana kikiwa safi mwaka 1935 huko Amsterdam, kutoka korodani za mafahali, kikaitwa testosteroni.

Mtu akipungukiwa na homoni hiyo, twaona nini? Kwanza hamu ya ndoa hufifia, na mwili hausimami tena wakati wa kuamka asubuhi, jambo lililo la kawaida kwa mwanaume mzima. Kisha ndevu hukawia kuota: aliyenyoa kila siku sasa anyoa mara moja kwa juma. Misuli yalegea, tumbo lanenepa, pengine matiti yavimba. Mifupa nayo yadhoofika, hata yaweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo. Moyo wajaa huzuni isiyo na sababu. Kwa mvulana dalili ni nyingine: akifikia miaka 14 na korodani hazijaanza kukua, wazazi wasingoje zaidi, wampeleke kwa mganga wa hospitali.

Lakini tuangalie sana hapa, maana wauza dawa wa sokoni hupenda kudanganya. Uchovu peke yake si ushahidi. Kisukari, upungufu wa damu, kifua kikuu, pombe na mashaka ya nyumbani huchosha vilevile. Tena homoni hii hupungua polepole kwa kila mtu, kadiri ya sehemu moja katika mia kwa mwaka, tangu miaka ya 30 au 40. Mzee asiyekimbia kama kijana si mgonjwa!

Sababu zake ni nyingi. Matumbwitumbwi yakimshika kijana aliyekwisha kubalehe, korodani zaweza kuvimba na kuharibika. Wengine walizaliwa korodani hazijashuka, wengine waliumizwa. Mara nyingine korodani ni nzima, ila tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, inayoziamuru, ndiyo mbovu. Mwenye kuumwa kichwa sana na kupungukiwa na macho upande upande asikawie kupimwa. Unene na kisukari huishusha pia, hata vidonge vikali vya maumivu vya jamii ya afyuni vikitumiwa muda mrefu.

Kipimo ni cha damu. Hutolewa asubuhi, kabla ya kula, kwa sababu saa hizo homoni huwa juu kabisa. Ikitolewa alasiri, mtu mzima aweza kuitwa mgonjwa. Tena hurudiwa siku nyingine, maana mara moja haitoshi.

Kuna neno moja ambalo wengi hawalijui. Sindano za testosteroni zaweza kurudisha nguvu, lakini zazima kazi ya korodani zenyewe, hata mbegu za uzazi zaweza kukoma. Mume aliyezichoma kwa siri apata hamu bali hapati mtoto, na mkewe aitwa tasa bila kosa. Kwa hiyo anayetamani mtoto amwambie mganga mapema, kabla ya sindano ya kwanza; maana kama tezi ya ubongo ndiyo yenye hitilafu, kuna dawa nyingine zinazoamsha korodani badala ya kuzilaza.