Bafu dogo: sakafu iachiwe maji, vingine vipande ukutani

Fungua mlango wa bafu katika nyumba nyingi za kupanga jijini Dar es Salaam, na kitu cha kwanza kugonga mguu wako ni ndoo. Nyuma yake kuna ndoo nyingine, beseni la kufulia, kopo, brashi ya choo na dumu lililokatwa shingo. Dirishani zimejipanga chupa za shampuu, dawa ya meno iliyominywa hadi mwisho na wembe wenye kutu. Taulo limetundikwa juu ya mlango, na mlango haufungi. Anayetaka kuoga huanza kwa kuhamisha vitu.

Lawama huangukia udogo wa chumba. Ni kweli kwamba bafu lenye choo ndani lenye mita 1.2 kwa 1.8 ni jambo la kawaida, yaani mita za mraba 2 na ushei. Lakini kinacholibana zaidi ni kwamba kila kitu kinagombea sakafu ilhali kuta zimekaa bure. Na ushauri mwingi wa kupanga bafu unaopita kwenye simu zetu umeandikwa kwa ajili ya watu ambao maji yao hayakatiki. Kwetu, kitu cha kwanza kinachohifadhiwa bafuni ni maji yenyewe. Mpangilio usioanzia hapo huvurugika siku ya kwanza ya mgawo.

Anza na maji

Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka Oktoba 2022, ukame ulipopunguza maji ya Mto Ruvu na jiji likaingia kwenye mgawo. Tupige hesabu ya familia ya watu watano kwa siku mbili bila maji, kila mmoja akijibana kwa lita 20 kwa siku, kiasi kilicho chini sana ya lita 50 hadi 100 zinazotajwa na Shirika la Afya Duniani. Hizo ni lita 200.

Ukiziweka kwenye ndoo za lita 20 utahitaji ndoo 10. Kila moja inakula kama sentimita 30 kwa 30 za sakafu, kwa hiyo zote pamoja zitameza zaidi ya theluthi moja ya bafu letu. Pipa moja la lita 200, lenye upana wa karibu sentimita 60, linachukua takriban moja ya sita. Maji ni yaleyale, lakini nafasi uliyookoa inamtosha mtu mzima kusimama na kuoga.

Pipa likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 200. Likae kwenye kona, juu ya msingi mfupi wa matofali yaliyojengewa, kamwe si juu ya stuli. Mwambie fundi atoboe na kufunga koki karibu na chini, ili mfuniko usifunguliwe kila mtu anapotaka kopo la maji.

Mfuniko huo una kazi kubwa kuliko kuzuia vumbi. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya sentimita chache tu, kwa sababu kichwa chake ni kizito na akitumbukia hawezi kujiinua. Kisha kuna mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mbu huyu hupenda maji yaliyohifadhiwa majumbani. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kabla ya kuanguliwa yakiguswa na maji. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua pande za ndani za pipa kwa brashi kila wiki, kisha ujaze upya na kufunika.

Wazee wa pwani walilielewa hili. Katika nyumba za mawe za Lamu, bafu lilikuwa na birika la kujengwa, na ndani yake walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Na kwa sababu kuta za mawe ya matumbawe zilikuwa nene, mafundi waliacha vidaka ndani ya ukuta wenyewe vya kuwekea vyombo. Sakafu ilibaki na kazi yake.

Panda ukutani

Somo la vidaka linafaa hata kwenye ukuta mwembamba wa leo. Eneo kati ya kiuno na bega ndilo la vitu vya kila siku: sabuni, miswaki, dodoki, jiwe la kusugulia miguu. Mzee mwenye magoti mabovu asilazimike kuinama kwenye sakafu yenye utelezi kutafuta sabuni. Juu ya kichwa weka akiba: karatasi za chooni, sabuni ambazo hazijafunguliwa. Chini ya goti kisikae kitu isipokuwa maji na brashi ya choo, nayo itundikwe ili ikauke badala ya kulowa kwenye kikopo chake.

Chagua vifaa vinavyovumilia unyevu. Mbao za kubandikwa kwa gundi huvimba na kumomonyoka, na chuma cha kawaida hakidumu, hasa penye hewa ya chumvi. Kikapu cha ukindu kinapendeza sebuleni lakini bafuni huota ukungu. Plastiki yenye matundu, alumini na kioo hudumu. Kisahani cha sabuni nacho kiwe na matundu. Sabuni inayokaa kwenye maji huyeyuka kabla haijatumika.

Mpangaji aliyekatazwa kutoboa vigae ana njia zake. Mlango wenyewe unabeba ndoano za kuvishwa kwa juu, mradi ziwe nyembamba kiasi cha kuuacha ufunge. Fimbo ya kukaza yenye springi, ikibanwa kati ya kuta mbili, itabeba taulo na vikapu vyepesi bila skrubu hata moja. Mwenye nyumba akiruhusu, toboa kwenye mstari wa saruji kati ya vigae, maana tundu hilo huzibika baadaye na kigae hubaki kizima.

Dirisha liache. Chupa zilizopangwa mbele ya luva huzuia hewa, na bafu lisilopumua huota ukungu hadi darini.

Toa kisichohusika

Dawa za hospitali zihame leo. Joto na mvuke huziharibu, na maelezo ya pakiti nyingi husema zikae mahali pakavu. Kabati la chumbani, juu mbali na watoto, ndilo mahali pake.

Dawa za usafi zikae juu pia, ndani ya kabati linalofungwa, kila moja kwenye chupa yake ya asili. Jik iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ni hatari inayosubiri mtoto mwenye kiu. Usiiweke bega kwa bega na dawa ya choo yenye asidi, wala usizichanganye: zikikutana hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na bafu dogo halina pa kuikimbilia.

Kwa vitu binafsi, tujifunze kwenye nyumba za uani, ambako wapangaji kadhaa hutumia bafu moja. Bafu lile halijai vitu, kwa kuwa kila mtu huja na kindoo chake chenye sabuni, mswaki na dodoki, na huondoka nacho. Familia yenye bafu lake inaweza kufanya vivyo hivyo: kila mtu na kikapu chake chenye matundu, kinachokaa chumbani kwake. Ukutani vitabaki vitu vya wote tu.

Kwa anayejenga

Nafasi nzuri kuliko zote hupatikana kabla ya plasta. Tofali letu la kawaida la inchi 6 kwa 9 kwa 18, likilazwa, hutoa ukuta wa inchi 9, unene unaotosha kuacha kidaka cha kina cha sentimita 10, upana wa 30 na kimo cha 40, kwenye usawa wa kifua. Chini yake pawe na mteremko mdogo kuelekea nje ili maji yasituame. Fundi aambiwe mapema, ili bomba na waya zisipite hapo. Wakati wa kujenga, kidaka hicho hakiongezi gharama ya maana. Vigae vikishabandikwa, kukipata ni lazima uvunje ukuta.