Utangulizi: Maji Yanayovuja Yana Saa Zake

Karibu katika taaluma ambayo vifaa vyake vya kwanza ni saa, kalamu na kikombe. Spana zitafuata. Anayeingia hapa mara ya kwanza hutazama ukuta: rangi imefura, plasta inabanduka, naye anauliza bomba limetoboka wapi. Swali hilo limevunja vigae vingi Nakuru bila faida. Maji hayajitokezi pale yalipotorokea. Hufuata slabu, hupenya kwenye mirija ya nyaya za umeme, hutambaa nyuma ya plasta, kisha huonekana chumba cha pili. Kwa hiyo namwomba msomaji aliweke kando swali la wapi, aanze na lini.

Nyumba ya kawaida ya huku, iwe Shabab, Lanet au Kiamunyi, huwa na maji ya namna nne, na kila moja ina ratiba yake. Yapo ya kampuni ya maji, yanayokuja kwa msukumo. Yapo ya tangi, yanayoshuka kwa uzito wake tu. Yapo maji taka. Na yapo ya mvua na ya ardhini. Bomba lenye msukumo huvuja mchana na usiku, watu wawepo wasiwepo. Bomba la maji taka halivuji mpaka mtu aoge au avute choo. Doa linalolowa jioni tu, watoto wakishaoga, halina ugomvi na mfereji.

Kesi inayowasumbua watu zaidi hapa ni ya usiku wa manane. Mitaa mingi hupata maji kwa zamu, ndiyo maana karibu kila paa limebeba tangi. Mji ukilala, matumizi hupungua na msukumo katika mabomba hupanda. Boya lililochoka, ambalo mchana hufunga vizuri, hushindwa saa nane usiku. Tangi hufurika, na kama bomba la kumwagia ziada limeziba, au ni jembamba kuliko lile linaloingiza, maji huishia kwenye dari. Asubuhi mwenye nyumba anayalaumu mabati. Fundi huja saa sita mchana, huinua boya kwa mkono, hulisikia likifunga, husema liko sawa. Na kweli liko sawa, kwa saa sita mchana.

Sasa mita. Wengi wameambiwa wafunge mifereji yote na kutazama kama kigurudumu kidogo cha mita kinazunguka. Ushauri huo haujitoshelezi penye tangi, kwa sababu tangi linalojaa huzungusha mita hata mifereji yote ikiwa imefungwa. Funga kwanza koki inayoingiza maji kwenye tangi, pamoja na mfereji wowote unaotoka moja kwa moja kwenye bomba la kampuni. Mita ikiendelea kuzunguka, hitilafu iko kati ya mita na koki hizo. Ikisimama, hamia upande wa pili: ukiwa bado umefunga koki, weka alama ya kimo cha maji tangini wakati wa kulala, mtu asitumie maji, uangalie alfajiri. Tahadhari moja ambayo vitabu vya ng'ambo huisahau: zamu inapofika na maji kurudi, hewa iliyokuwa ndani ya mabomba hutangulia, nayo huzungusha mita. Usipime dakika hizo.

Sextus Julius Frontinus, aliyekabidhiwa usimamizi wa maji ya jiji la Roma mwaka 97 B.K., alifanya hesabu ya aina hiyohiyo kwa mji mzima. Alilinganisha maji yaliyoingia na yaliyofika kwa watumiaji, na ndani ya tofauti hiyo akakuta uvujaji na wizi. Leo WASREB, mdhibiti wa huduma za maji nchini, huzipima kampuni vivyo hivyo, na ripoti zake zimeonyesha maji yasiyolipiwa yakizidi asilimia 40 ya yanayozalishwa.

Kikombe nacho kina kazi. Mfereji unaojaza kikombe cha mililita 250 kwa dakika kumi humwaga lita 36 kwa siku, yaani zaidi ya uniti moja ya bili kwa mwezi. Choo ni kibaya zaidi, kwa kuwa huiba kimya: mpira wa chini ukichakaa, maji huteleza bakulini bila tone kuonekana sakafuni. Mimina chai ya rangi iliyokolea ndani ya tangi la choo, usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, umempata mwizi.

Ardhi yetu ina hila zake. Majivu ya volkano na mawe mepesi ya pamisi hunywa maji upesi, hivyo bomba linaweza kupasuka uani na juu pakabaki pakavu. Pale maji yanapojitokeza, kipimo cha klorini husaidia kujua kama ni ya kampuni. Ikiwepo, ushahidi ni mzuri. Ikikosekana, haithibitishi kitu, kwa kuwa udongo huimaliza.

Kisha kuna kufurika kusikotokana na bomba lolote. Mtaa wa Kihoto, Naivasha, ulivamiwa na maji ya ziwa mwaka 2020 na tena 2025. Maji ya ardhini yanapopanda, shimo la kunyonya maji taka halina tena pa kuyapeleka, na choo huanza kurudisha hata kabla uwanja haujalowa. Mwenye nyumba huita gari la kunyonya, na kesho yake shimo limejaa tena, kwa sababu linajazwa kutoka nje. Katika hali hiyo tangi la plastiki la maji taka lisikaushwe kabisa: likiwa tupu, maji yanayolizunguka huweza kulisukuma juu na kukata viungo vya mabomba yake.