Bukavu: Gitaa likipasuka kiangazi, tatizo huwa ni mbao isiyokauka

BUKAVU, Kivu ya Kusini – Gitaa lililotengenezwa mwezi wa nne, mvua ikiwa bado inanyesha, linaweza kutoka mikononi mwa fundi likiwa halina kasoro. Shingo imenyooka, sauti iko wazi, rangi inang'aa. Ifikapo mwezi wa saba, mwenyewe anarudi nalo. Mbao ya mbele ina ufa mwembamba unaoanzia kwenye daraja la nyuzi, au shingo imepinda hadi vidole vinauma. Fundi anadaiwa pesa, na korali inabaki bila chombo Jumapili.

Wengine hulaumu gundi, wengine hulaumu nyuzi zilizokazwa kupita kiasi. Lakini mara nyingi sababu ni maji yaliyobaki ndani ya mbao. Na dawa yake ni joto, mradi lije kwa wakati wake na kwa kiasi chake.

Mbao hunywa maji na kuyatoa

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Ukianza kukauka, maji yaliyo wazi kati ya nyuzinyuzi hutoka kwanza, na mbao haibadiliki umbo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, maji yaliyoshikwa na kuta za nyuzinyuzi zenyewe nayo huanza kutoka. Hapo ndipo mbao inapoanza kusinyaa.

Hata ikikauka, mbao haiachi kufuata hewa iliyoizunguka. Kwenye joto la kawaida, hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huiacha mbao na maji ya asilimia 16 hivi. Hewa ikishuka hadi asilimia 65, mbao hushuka hadi 12. Bukavu iko kando ya Ziwa Kivu, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, na mvua yake huanza mwezi wa tisa na kuendelea hadi mwezi wa tano. Miezi mitatu inayobaki ndiyo kiangazi, na ndiyo inayolipima gitaa.

Mbao husinyaa kwa upana, lakini kwa urefu haisinyai karibu hata kidogo. Mbao ya mbele ya gitaa ina unene wa milimita tatu tu au pungufu, na chini yake fundi hugandisha vijiti vinavyoikata kwa upana ili iweze kubeba mvuto wa nyuzi. Kiangazi kikija, mbao inataka kusinyaa, vijiti vinakataa. Isipopata nafasi, inapasuka.

Jambo hili si la gitaa peke yake. Lulanga ya Washi huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti, na uzi wake hupitishwa huku na huku juu ya shimo lililochimbwa. Mtafiti Mmarekani Alan Merriam, aliyefanya kazi katika eneo hili mwaka 1951 na 1952, aliandika kuhusu vyombo vya muziki vya Washi mwaka 1955. Ng'ambo ya Ruzizi, Warundi huuita mti mmoja wa ngoma umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Na popote katika eneo hili, wapiga ngoma huisogeza ngoma karibu na moto ili ngozi ikaze kabla ya kuanza. Kwamba moto hubadilisha sauti si habari mpya kwa watu wa hapa.

Kazi tatu za joto

Kazi ya kwanza ni kukausha. Mbao zikipangwa juu ya vijiti kwenye kivuli ili hewa ipite kati yake, mafundi wengi duniani huhesabu karibu mwaka mmoja kwa kila unene wa sentimita mbili na nusu. Viwanda hufupisha muda huo kwa chumba chenye joto la wastani na unyevu unaopunguzwa polepole. Joto pia huua bungua. Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo inadai kiini cha mbao kifikie nyuzijoto 56 kwa dakika 30.

Kazi ya pili ni kukunja. Mbavu za gitaa hazichongwi zikiwa zimepinda. Fundi huilowesha mbao nyembamba, kisha huibonyeza taratibu juu ya bomba la chuma lenye moto ndani. Lignini, ambayo ndiyo inayoshikanisha nyuzinyuzi, hulainika, na mbao hukubali umbo. Ikipoa, hubaki hivyo hivyo.

Kazi ya tatu ndiyo inayozungumzwa zaidi leo katika viwanda vya gitaa: kuipika mbao iliyokwisha kukauka. Njia hii ilipata nguvu Ufini katika miaka ya 1990, kwa ajili ya mbao za nyumba. Mbao hupashwa joto kati ya nyuzijoto 160 na 230, ndani ya tanuri lililojaa mvuke au lisilo na oksijeni, ili isiwake. Katika joto hilo, sehemu ya mbao iitwayo hemiselulosi, ambayo ndiyo inayopenda maji zaidi, huanza kuvunjika. Mbao hubadilika kuwa ya rangi ya kahawia, hupungua uzito, na baadaye hunywa maji machache kuliko zamani. Mvua na kiangazi haviisumbui tena kama mwanzo.

Yamaha ya Japani na Martin ya Marekani hutumia njia za namna hii kwa baadhi ya magitaa yao, ili mbao mpya ikaribie tabia ya mbao iliyozeeka kwa miaka mingi. Baadhi ya watengenezaji wa magitaa ya umeme hupika shingo, kwa sababu shingo iliyopikwa haipindi kwa urahisi.

Mbabula si tanuri

Hapa ndipo fundi anapoweza kujidanganya. Anayesikia habari hiyo anaweza kuiweka mbao juu ya mbabula yenye makala, au kuomba nafasi katika tanuri la mkate. Joto la mbabula halilingani pande zote, na hewa ipo. Mbao mbichi ikipigwa na joto kali, ngozi yake hukauka na kukaza huku ndani bado kuna maji. Maji hayo yakitafuta njia ya kutoka, mbao hupasuka kwa ndani, mahali ambapo jicho halioni. Joto likipanda sana, mbao yenyewe hushika moto.

Hata tanuri la kiwanda lina gharama yake. Mbao iliyopikwa hukatika kwa urahisi zaidi na hupasuka haraka inapopigwa msumari au kubanwa kwa skurubu.

Kinachowezekana leo

Fundi asiye na tanuri la kisasa bado ana njia. Ya kwanza ni mizani. Akate kipande kidogo katikati ya mbao na kukipima. Kikiwa na gramu 60, akikaushe kwenye joto la nyuzijoto 103 hivi, akikipima tena na tena mpaka uzito uache kushuka. Kikisimama kwenye gramu 50, maji yalikuwa gramu 10 kwa 50 za mbao kavu, yaani asilimia 20. Mbao hiyo haijafaa gitaa.

Njia ya pili haidai pesa yoyote: kupanga kazi kulingana na majira. Mbao zikatwe na kuchongwa wakati wa mvua, lakini vijiti vigandishwe kwenye mbao ya mbele kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Gitaa lililounganishwa kiangazi likikutana na mvua huvimba kidogo, na kuvimba huku huvumilika. Lililounganishwa wakati wa mvua likikutana na kiangazi husinyaa, na hapo ndipo ufa unapoanzia.

Faida haimfikii fundi peke yake. Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu mwaka 1997, na ukataji wa miti kwa ajili ya makala na mbao unaendelea kuila. Kila gitaa linalopasuka na kutupwa linadai mti mwingine. Kabare na Walungu kuna grevilea na eukaliptusi zilizopandwa na wakaaji wenyewe. Eukaliptusi hupasuka vibaya ikikaushwa kwa haraka, lakini mti uliopandwa na kukaushwa kwa subira unaweza kuokoa ule wa msituni.

Kwa mnunuzi, swali moja linatosha kabla ya kutoa pesa: mbao ya gitaa hili imekauka muda gani, na iliunganishwa mwezi gani?