Ganda Tupu Lina Mwenyewe

Mgeni akimaliza kulizunguka tembe la Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora, huwa namuuliza anatokea wapi. Wengi hujibu Zanzibar. Wameanzia ufukweni, wamekuja bara kwa treni au ndege, na wanaendelea Kigoma na Ujiji kumalizia njia ya zamani ya misafara. Na wengi wao, wawe Wazungu au vijana wetu walio fungate, wana kitu cha baharini ndani ya begi.

Nilifundisha baiolojia sekondari kabla ya kustaafu na kuanza kutembeza wageni, kwa hiyo siwezi kukinyamazia kitu hicho. Mwaka jana binti mmoja wa Mwanza alinitolea kiti cha pweza alichokifunga kwenye kanga. Wekundu wake ulikuwa umefifia ukawa rangi ya ugoro, na kanga nzima ilinuka samaki aliyelala. "Shikamoo mama, hebu ona. Nilikikuta kigumu hivihivi, nikajua kimekufa." Nikakigeuza nikamwonyesha mfereji unaopita chini ya kila mkono. Humo ndimo vilimokuwa vijiguu laini, mamia kwa mamia, ambavyo kiumbe huyu hutembelea na pia humsaidia kupata hewa majini. Akiwa mzima pia huwa mgumu, mwanangu. Ukimtoa majini ili umweke kichwani upigwe picha, unamnyima pumzi, na picha za namna hiyo ndizo baadhi ya vijana wa boti huwapangia wageni kwenye mafungu ya mchanga.

Sisi watu wa Unyamwezi tusijitie hatumo. Misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo haikuleta nguo, shanga na waya wa shaba peke yake. Ilileta na simbi. Watemi wetu walivaa visahani vyeupe vilivyokatwa kwenye magamba ya bahari yenye umbo la pia, na aliyekivaa alitambulika kuwa mtu mkubwa. Zanzibar nako, katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg walipakia simbi melini na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Kila simbi iliyopita ilikuwa na konokono wake aliyeuawa kwanza.

Hata wasafiri wa Kizungu tunaowasoma katika historia walikuwa waokota magamba. Richard Burton na John Speke waliingia Kaze, yaani hapa Tabora, Novemba 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Speke alikuwa mgonjwa wa macho, ziwa lenyewe hakuliona vizuri siku ile ya kwanza, lakini magamba yake aliyakusanya. Yalipofika London mwanazuoni Woodward aliyaeleza kitaalamu mwaka 1859, na mpaka leo kuna konokono wa Tanganyika anayeitwa Spekia. Sikatai kwamba elimu ilipatikana. Lakini Speke alikuwa mmoja; boti zinazotoka Nungwi, Kendwa na Matemwe kwenda kisiwa cha Mnemba, huko Zanzibar, ni nyingi, na kila moja imejaa watu.

Wageni wanaonibishia huniambia ganda tupu halina kazi. Hapo huwapeleka kwa mawazo Kigoma. Chini ya Ziwa Tanganyika kuna maeneo yaliyotandazwa magamba ya konokono aitwaye Neothauma, na kuna samaki wasioishi kwingine ila humo. Mmoja, kitaalamu Lamprologus callipterus, dume lake huokota magamba matupu kwa mdomo, moja baada ya jingine, na kuyarundika mahali pamoja. Jike huingia ndani ya ganda na kutaga mayai. Dume lazima liwe na nguvu za kubeba, jike lazima litoshe gandani, na kwa sababu hiyo dume hulizidi jike uzito zaidi ya mara 10. Sasa mtu anatoka majini na mfuko wa magamba, anasema hayana mwenyewe! Baharini mambo ni yaleyale: kuna kaa mwenye tumbo laini ambaye hana kinga ila ganda la konokono aliyekufa, naye akikua hulazimika kuhamia kubwa zaidi. Asipolipata huliwa.

Hata hivyo, magamba ni jambo dogo. Kubwa ni matumbawe yenyewe, na hapa ndipo watu wa bara tunapopotea, maana tumezoea kuyaona yakiwa mawe. Ukishuka Bagamoyo ukatazame magofu ya Kaole, kuta zile ni matumbawe yaliyokufa zamani na kushikwa kwa chokaa. Yaliyo hai ni wanyama, wadogo sana, maelfu wameungana, kila mmoja akijijengea kikombe cha chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao huwalisha. Aina zilizojikusanya kama jabali huongezeka kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka. Piga hesabu: jabali lenye kimo cha mtu lilianza kabla wapagazi hawajaacha kupita Tabora.

Mgeni asiyejua kuogelea akichoka husimama juu ya matumbawe. Nanga ikitupwa hovyo huvunja na kuburuta. Mkate unaorushwa majini ili samaki wakusanyike huwaachisha baadhi yao kula mwani unaoota juu ya matumbawe. Maji machafu ya hoteli nayo huurutubisha mwani huohuo mpaka ukayafunika.

Haki lazima isemwe: utalii si adui mkubwa kuliko wote. Uvuvi wa baruti umebomoa miamba yetu vibaya, na joto ni baya zaidi. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la El Niño, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yaliutema ule mwani wake, yakapauka, na mengi yakafa. Kwa hiyo anayeniuliza sana habari za mafuta ya kujikinga na jua, ambayo Palau ilipiga marufuku baadhi yake mwaka 2020, namjibu avae fulana ya mikono mirefu. Ni rahisi kuliko kusoma maandishi ya nyuma ya chupa.

Tena fedha za mgeni zaweza kulinda. Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa Mji Mkongwe, mwamba wake ulitangazwa hifadhi na Serikali ya Zanzibar mwaka 1994, na wavuvi wa jirani wakafunzwa kuwa walinzi wake. Nyumba za wageni ni 7 tu. Maji ya kutumia ni ya mvua, umeme wa jua, na choo hakina maji ya kuvuta: uchafu huoza ukawa mboji. Mapato huendesha ulinzi na kuwaleta wanafunzi wa Zanzibar waone matumbawe kwa macho yao. Mwaka uliofuata, 1995, Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, na mgeni anayeingia hulipa kiingilio. Nawasihi wasikwepe kiingilio hicho wakaishia kumlipa kijana wa pembeni.

Vijana wa Tabora wanaoniaga kwenda pwani huwapa maswali mawili. La kwanza ni la nahodha, na liulizwe kabla ya kukubaliana bei: utafunga boti kwenye boya au utatupa nanga? Akiulizwa na abiria wengi ataona faida ya kufunga kwenye boya. Asiyejua kuogelea achukue jaketi na kuelea, asisimame. La pili ni la hoteli: maji ya chooni yanakwenda wapi? Wa mapokezi atacheka. Mwambie akuitie meneja.