Makala za Lazima kwa Daktari Anayesomea Ubingwa

Kitabu cha kiada humweleza daktari anayesomea ubingwa kile kinachojulikana; makala za utafiti humwonyesha kilivyojulikana, na kwa ushahidi wa uzito gani. Makala hizo ni nyingi mno. Hakuna mwanafunzi mwenye wodi mchana na zamu usiku anayeweza kuzifuata zote, na ndiyo maana idara za mafunzo huandaa mkusanyo wa makala za lazima, zinazopaswa kusomwa na kujadiliwa kabla ya mtihani wa mwisho.

Kazi ngumu ni kuchagua. Umaarufu wa makala hautoshi. Inayostahili kuingia ni ile iliyobadili namna wagonjwa wanavyotibiwa, au iliyosimamisha tiba iliyokuwa ikidhuru. Mara nyingi makala moja haieleweki bila nyingine. Mwaka 2001 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliripoti kwamba wagonjwa mahututi wa upasuaji waliodhibitiwa sukari kwa insulini hadi kiwango cha mtu mwenye afya walikufa wachache zaidi. Hospitali nyingi duniani zikafuata. Mwaka 2009 utafiti wa NICE-SUGAR, uliohusisha wagonjwa 6,104 wa nchi kadhaa, ulionyesha kinyume: waliodhibitiwa kwa ukali walikufa asilimia 27.5 ndani ya siku 90, na wenzao asilimia 24.9. Anayesoma ya kwanza peke yake hujifunza tiba yenye madhara. Anayesoma ya pili peke yake hapati kujua kwa nini madaktari makini waliiamini ile ya kwanza. Zote mbili ziwekwe, zikifuatana.

Kigezo kingine, ambacho mikusanyo inayonakiliwa kutoka Ulaya au Marekani hukisahau, ni mgonjwa aliyetafitiwa. Kwa wanaosomea magonjwa ya watoto Afrika Mashariki, makala isiyopaswa kukosekana ni ya utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011 baada ya kufanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, ama ya chumvi ama yenye albumini, na wengine hawakupewa maji hayo ya haraka. Miongozo ya nchi tajiri ilielekeza kuyatoa. Baada ya saa 48, vifo kwa waliopewa vilikuwa takriban asilimia 10.5, na kwa wasiopewa asilimia 7.3. Ni matokeo mazito, na yalipatikana kwa sababu swali liliulizwa kwa watoto wa hospitali hizi hizi.

Hata hivyo, hapa ndipo mwandaaji anapotakiwa kusaidia kuliko popote. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa kwenye utafiti huo. Daktari anayekumbuka tu kwamba maji ya haraka huua anaweza kumnyima maji mtoto aliyekaushwa na kuhara, ambaye bila hayo hatapona. Kwa hiyo kila makala iambatane na maelezo mafupi ya mwandaaji: ni nani waliotafitiwa na nani walioachwa nje, kipimo kikuu kilikuwa nini, mazoea gani yalibadilika, na ni wapi wataalamu bado wanabishana. Maelezo yasizidi ukurasa mmoja, vinginevyo mwanafunzi atayasoma badala ya makala yenyewe.

Mkusanyo usiosomeka haufai kitu, na majarida makubwa ni ghali. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 pamoja na wachapishaji, huwapa wasomaji wa taasisi za nchi maskini majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu. Mkutubi wa chuo anapaswa kushirikishwa tangu mwanzo, ahakikishe kila makala iliyotajwa inafunguka.

Orodha ipitiwe kila mwaka na walimu pamoja na wanafunzi walioitumia, na ibaki fupi: ikiingia mpya, itafutwe ya kutoka. Iliyopinduliwa isitolewe, ibaki kando ya ile iliyoipindua. Ya kutoka ni ile ambayo hoja yake sasa imo katika kila kitabu cha kiada na haizui tena swali lolote kikaoni.