Je, Wajua? Mpira Unaompiga Mpigaji

Katika viwanja vya shule za Mbulu na Hanang, kama katika sehemu nyingi za Tanzania, wasichana hucheza rede, mchezo ambao wawili husimama pande mbili wakirusha mpira wa makaratasi au wa soksi kuukuu, na wa tatu, aliye kati yao, huruka, huinama na hujipinda ili usimpate. Ukimpata, zamu yake imekwisha, naye hutoka bila ya hoja. Sheria hiyo ni fupi na haina shaka: apigwaye ndiye mwenye hasara. Je, wajua kwamba uko mchezo mwingine, wenye sifa kubwa katika Marekani, Japani na Kuba, ambao humpa fidia yule aliyepigwa, lakini haumpi mpaka mwamuzi ametosheka kuwa hakuitafuta adha ile kwa hiari yake?

Mchezo huo ni besiboli. Si mgeni kabisa katika Afrika ya Mashariki: katika 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa wa kwanza kutoka bara la Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, na katika 2018 uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani ulifunguliwa katika shule ya sekondari ya Azania, Dar es Salaam. Mpira wake ni mdogo, wenye uzito wa gramu 142 hadi 149 tu. Lakini moyo wake ni wa koki na raba, umezungushiwa nyuzi kwa kukazwa sana, kisha ukavikwa ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa kwa mishono 108, hata ukawa mgumu wa kutisha. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwenye kibao kilicholazwa chini mbele ya mpigaji, na warushaji hodari huutupa kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa na zaidi. Basi tangu utoke mkononi mpaka ufike hupita takriban sehemu nne za kumi za sekunde, na katika muda huo mpigaji hana budi kuuona, kuupima, kuamua kama ataupiga au atauacha, na, iwapo umemwelekea yeye, kuuokoa mwili wake.

Hapo ndipo sheria inapoingia, nayo, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa sheria zilizotungwa kwa insafu kubwa katika michezo yote. Mpigaji akiguswa na mpira uliorushwa, mwilini au katika nguo zake, hupewa bure kituo cha kwanza cha mzunguko ambao mpigaji huukimbia mpaka arudi nyumbani, yaani pale alipopigia, wala hakuna awezaye kumtoa akiwa njiani; na vituo vyote vikiwa tayari vimejaa wenzake, kila mmoja husukumwa mbele, na aliye katika kituo cha tatu huingia nyumbani na kuipatia timu yake alama. Hata mpira uliodunda chini kwanza kisha ukampata, haki yake ni ile ile. Walakini fidia hiyo ina masharti. Mpigaji asiwe amejaribu kuupiga, kwa kuwa aliyeuzungushia gongo amekwisha kuchagua shindano, na akiguswa huhesabiwa pigo la kukosa. Mpira usiwe ulimgusa ndani ya eneo la halali, yaani juu ya kibao, baina ya magoti na kati ya kifua, kwani aliyeinamia eneo hilo ndiye aliyeingia katika njia ya mpira. Na tena, sharti zito kuliko yote, awe amefanya juhudi ya kukwepa. Akisimama kama mlingoti ili aupokee kwa faida, mwamuzi huuhesabu kuwa mpira mbaya tu, na maumivu hubaki yake. Kwa upande wa pili, mrushaji aliyemlenga mwenzake kwa kusudi anaweza kufukuzwa uwanjani, na kiongozi wa timu yake pamoja naye.

Mfano mashuhuri ulitokea Los Angeles tarehe 31 Mei 1968. Mrushaji Don Drysdale alikuwa amepita michezo kadhaa bila kufungwa alama hata moja. Katika duru ya tisa, vituo vikiwa vimejaa, mpira wake ukampata mpigaji Dick Dietz, na watu wote wakadhani kuwa mfululizo ule umevunjika. Mwamuzi Harry Wendelstedt akakataa: Dietz, alisema, hakujaribu kukwepa. Dietz akarudi kupiga, akatolewa, na Drysdale akaendelea mpaka kuweka rekodi. Mwaka huo huo, katika Oktoba, John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alianguka katika msukumano wa marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, goti likaumia vibaya, naye akamaliza wa mwisho huku bandeji ikining'inia. Mbio hazina fidia kwa aliyeumia, na heshima aliyoipata ilitoka kwa watu, haikutoka katika kanuni.

Sheria ya fidia ilianza katika ligi moja ya Marekani mwaka 1884, na ligi kubwa ya pili ikaifuata 1887. Kabla ya hapo mrushaji aliweza kumtisha mpigaji kwa mpira bila ya gharama yoyote. Lakini kituo cha bure hakifufui mtu. Tarehe 16 Agosti 1920, mjini New York, Ray Chapman wa Cleveland alipigwa kichwani na mpira wa Carl Mays, mpira uliochafuka kwa udongo hata yamkini hakuuona ukija, akafariki siku ya pili. Tangu hapo waamuzi wakahimizwa kuondoa mipira michafu. Ama kofia ngumu, iliyokuwa dawa iliyo dhahiri zaidi, haikuwa faradhi kwa wachezaji wapya wote wa ligi kuu mpaka 1971. Ni ajizi ya nusu karne, nami siioni kuwa na udhuru.

Yupo atakayeuliza: mpira huu ungekuwaje kama ungerushwa Mbulu? Mji ule umekaa kwenye nyanda za juu, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, juu kidogo kuliko Denver, mji wa Marekani unaojulikana na wachezaji wote kwa hewa yake nyepesi. Mpira unaozunguka hupinda njiani kwa sababu mzunguko wake huisukuma hewa upande mmoja, nayo hewa huusukuma mpira upande wa pili. Na pale Mbulu, ambako hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Tanga au Dar es Salaam, msukumo huo hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Mrushaji aliyejifunza pwani angeuona mpira wake ukikataa kupinda, ukipita alipotaka uingie, na pengine ukimfuata mpigaji ambaye ulikusudiwa kumkwepa; tena ungemfikia na mwendo mkubwa zaidi, maana hewa nyepesi huuzuia kidogo. Pia mpira uliopigwa vizuri chini ya mlima Hanang ungekwenda mbali kuliko ule wa Azania.

Liko jambo moja la kitabibu ambalo kila mwalimu wa michezo apasa kulijua. Pigo la mpira mgumu kifuani, hata lisilo na nguvu nyingi, likiangukia katika sehemu ndogo mno ya mpigo wa moyo, laweza kuuvuruga moyo wa kijana mwenye afya kamili hata ukashindwa kusukuma damu, bila ya mbavu kuvunjika wala jeraha kuonekana. Kwa hiyo, walimu wa Katesh, Haydom na Dongobesh, siku mchezo huu utakapowafikia, anzeni na mpira laini, wala msiruhusu ule mgumu kabla ya kofia kuwa kichwani mwa kila mpigaji. Na mtoto akipigwa kifuani akaanguka bila fahamu na pumzi, msimpe maji wala msimpepee, bali bonyezeni katikati ya kifua chake kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akikimbilia msaada wa hospitali.