Kukamilisha Wimbo wa Jembe Uliorekodiwa Nusu

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki, na Wasukuma ni miongoni mwa waliomwimbia. Kazi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Kikundi cha Shinyanga au Geita kikitaka kurudisha jukwaani ngoma ya bugobogobo ya kizazi hicho, rekodi kama hizo ni hazina. Tatizo ni kwamba ni hazina pungufu.

Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulibeba takriban dakika 3 tu. Zaidi ya hapo, Tracey alishika kipaza sauti mkononi, akakisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa mpigaji. Aliyekuwa karibu anasikika vizuri. Kiitikio kinafifia, na ngoma ya nyuma pengine haisikiki kabisa.

Anayetaka kuziba mapengo hayo aanze na jembe. Bugobogobo ni ngoma ya wakulima: majembe huinuliwa, huzungushwa, yakatua kwa pamoja. Wape wachezaji majembe halisi na uwachezeshe kwa rekodi. Wakishindwa kuyainua kwa wakati, huenda santuri ilinakiliwa kwa mwendo wa kasi zaidi kuliko ulivyokuwa, na sauti za waimbaji zikapanda pia. Jembe likitua mahali palipo kimya, hapo pana uwezekano wa kupata pigo la ngoma iliyopotea.

Maneno nayo yana ushahidi wake. Katika Kisukuma, toni ya juu inaweza kusikika silabi mbili mbele ya ile iliyoizaa. Anayetunga kiitikio kwa kusoma karatasi tu anaweza kupandisha sauti pasipostahili. Melodia haiifuati toni kila mahali, lakini mzee aliyekulia katika lugha atalisikia kosa mara moja.

Hata hivyo, si kila pengo ni la kuzibwa. Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vinavyojinasibisha na mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana mpaka leo, hasa wakati wa tamasha la Bulabo kule Bujora, Kisesa. Katika mashindano hayo ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa wimbo, husifu, hukejeli na kutaja mambo ya siku hiyo. Beti zake za mwaka 1950 zilikuwa za watu wa mwaka 1950. Kikundi kifufue kiitikio na mpangilio wa ngoma, kisha kimwachie ningi wa leo uwanja.

Wanaofufua muziki wa dansi wa Ulaya ya kale hukutana na mapengo ya namna hiyohiyo. Mwaka 1612 Michael Praetorius alichapisha *Terpsichore*, akitumia melodia alizopewa na mwalimu wa dansi Mfaransa. Sauti nyingi za chini yake ziliongezwa baadaye. Sehemu za ngoma hazikuandikwa, kwani wapigaji walizijua. Kwa bahati, mwaka 1589 Thoinot Arbeau alikuwa ameandika hatua za miguu sambamba na noti, na hizo husaidia kukisia kasi.

Kikundi kinapotoa onyesho, mtangazaji aseme kipi kimetoka kwenye rekodi, kipi kwa wazee, na kipi kimetungwa sasa. Rekodi nyingine ikipatikana kesho, watakaofuata watajua cha kurekebisha.